Taulo ya Matumbo na Taulo Yako

Hamjambo nyote? Asanteni kwa kuja, hasa mama zangu mlioacha meza zenu soko la Kibuye mchana huu. Nitaanza na nyinyi. Mkiosha matumbo ya ng'ombe, kuna kipande kile kama taulo, chenye vinyweleo vinavyoshika uchafu hadi mikono ichoke. (Kicheko.) Hicho ni chumba cha kwanza kati ya vinne vya tumbo la ng'ombe. Binadamu ana chumba kimoja tu, na ndani yake hakuna taulo. Yetu iko mbele zaidi, na ndiyo iliyonileta hapa.

Tufuate safari ya tonge la ugali na omena, wale dagaa wetu, wa kukaanga. Ugali ukitafunwa polepole huwa mtamutamu. Si mawazo yako; mate yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga kuwa sukari. Omena bado anasubiri zamu yake. Tonge linashuka kwenye umio, bomba la sentimita 25 hivi, misuli ikilisukuma, ndiyo maana hata aliyelala chali humeza.

Tumboni omena anakutana na asidi, na protini yake inaanza kukatwa. Tumbo linakanda, linasaga, linaachilia uji kidogo kidogo. Hapo sasa nataka kulipunguzia tumbo sifa. Tukishiba tunalipapasa, tukiumwa tunalilaumu, kumbe zaidi ni ghala na kinu. Wapo wagonjwa waliotolewa tumbo lote kwa upasuaji na wanaishi: wanakula kidogo kidogo mara nyingi, na vitamini B12 wanadungwa sindano. Lakini ukitolewa utumbo mwembamba wote, hata uletewe samaki wote wa ufuo wa Dunga, hawatakufaa kitu. Utalishwa kupitia mshipa wa damu.

Utumbo huo ukinyooshwa unafika mita 6 hivi. Mwanzoni mwake kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, linamwaga maji ya kupoza ile asidi, pamoja na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. Ini nalo linaleta nyongo. Mmechinja kuku, mnajua kale kafuko ka kijani kakipasuka nyama inavyoharibika! Uchungu huo huo ndio unaogawanya mafuta ya kukaangia kuwa matone madogo, kama sabuni kwenye sufuria.

Kisha taulo. Ukuta wa ndani umejaa vijidole, kila kimoja hakizidi milimita moja, na ndani yake mna mishipa ya damu. Sukari ya ugali na vipande vya protini ya omena vinaingia humo na kupelekwa kwenye ini. Mafuta yana njia yake ya pembeni. Kabla ya hapo, ndugu zangu, chakula kilikuwa bado kiko nje ya mwili wako, kinapita tu katikati yako.

Nyuzinyuzi za sukuma hazivunjwi hapo. Zinaenda utumbo mpana, ambako bakteria wanazila na maji yanafyonzwa.

Kijana wa boda ameuliza mbona tumbo humnguruma steji kabla ya saa sita. Mara nyingi si tumbo peke yake. Chakula kikishapita, kila dakika 90 hadi 120 hivi wimbi la misuli linaanzia tumboni na kuufagia utumbo mwembamba, likisukuma mabaki, maji na hewa. Sauti ni hiyo. Ukianza kula tu, linakatizwa.

Nani mwingine aliinua mkono? Mama, uliza.