Chubwi la risasi na pete ya dhahabu

Mabibi na mabwana, hii ni pete ya dhahabu, nimeiazima. Na hili ni chubwi la risasi, la mvuvi. Kipi kinapitisha umeme vizuri? Mmesema dhahabu, na ni kweli, inaizidi risasi karibu mara 9. Sasa tuvipoze vyote hadi chini ya nyuzi 7.2 za Kelvini, yaani kama 266 chini ya sifuri ya Selsiasi. Ukinzani wa risasi, yaani kule kuuzuia umeme, haupungui tu, unatoweka. Dhahabu safi haijapata kuonekana ikifanya hivyo.

Metali hizi ni fuwele, yaani vitu vigumu ambavyo atomu zake zimejipanga kwa safu, na ndani ya fuwele atomu hazitulii. Hutetemeka kwa pamoja, na mtetemo huo huja kwa mafungu yasiyogawanyika. Kila fungu ni fononi. Vifungo vya atomu vingekuwa springi kamilifu, fononi zingepishana tu kama mawimbi ya dimbwini. Springi za kweli ukizivuta hulegea, ukizibana hukaza, kwa hiyo fononi mbili huweza kuungana zikawa moja, au moja ikapasuka mbili. Mwaka 1929 mwanafizikia Rudolf Peierls alionyesha kwamba katika baadhi ya makutano hayo fuwele nzima hupokea sehemu ya msukumo, na fononi inayozaliwa hugeuka nyuma. Hapo ndipo joto linapokwama. Almasi, yenye atomu nyepesi na vifungo vigumu, haikwamishi sana, ndiyo maana hupitisha joto karibu mara 5 ya shaba.

Elektroni nazo hugongana na fononi. Waya ukipata moto, ukinzani hupanda. Wanafunzi wangu wengi huishia hapo, wakidhani fononi ni adui tu. Lakini elektroni ikipita, atomu zenye chaji chanya huvutwa kwake. Ni nzito, huchelewa kurudi. Elektroni imeshakwenda zake, nyuma pamebaki chaji chanya iliyosongamana, na elektroni ya pili inavutwa pale. Mahasimu wawili wamefungwa jozi, na jozi hizo ndizo hupita bila ukinzani! Wanafizikia Bardeen, Cooper na Schrieffer walikamilisha hesabu yake mwaka 1957, ila mimi napenda zaidi kidokezo cha 1950: zebaki yenye isotopu nzito zaidi, yaani atomu za zebaki ileile ila zenye kiini kizito zaidi, huhitaji baridi kali zaidi kupoteza ukinzani. Uzito wa kiini unaihusu nini elektroni, kama si kwa njia ya mtetemo?

Basi dhahabu. Elektroni zake na fononi hazisumbuani sana, kwa hiyo umeme unapita vizuri humu ukumbini, na kwa sababu hiyohiyo hazina wa kuzioanisha. Risasi imejaa ugomvi, na ugomvi ndio mshenga wake.

Naomba nirudishe pete, mwenyewe ameanza kuniangalia.