Deni la blanketi: utani wa waliovaa kombati

Mbukwenyi! Wenyeji mmeitikia, wageni mmetazamana. Basi nanyi wageni, shikamooni. Wengi humu mmenizidi umri, na hata kama nisingewajua kwa sura ningewajua kwa mkao. Viti mmevipanga wenyewe, na mmekaa safu iliyonyooka utadhani kuna mtu anapita sasa hivi kukagua vifungo.

Kamati iliniomba niseme neno juu ya makutano yenu haya ya kila mwaka, ninyi wapiganaji wa zamani, siku chache kabla ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Barua ilisema nizungumzie "umoja na mshikamano". Niliogopa kidogo. Maneno hayo yametafunwa majukwaani mpaka yamebaki makapi ya muwa. Kwa hiyo leo nitazungumzia blanketi.

Baba yangu alikuwa mgambo. Alilima uwele na karanga kule Mvumi, na vita hakuwahi kuviwazia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, na Amin akatangaza kwamba ardhi yetu yote hadi kwenye Mto Kagera ni yake. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akasema redioni kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Baba aliisikia hotuba hiyo kwa jirani mwenye redio. Baadaye akapanda treni stesheni ya Dodoma pamoja na wenzake, baadhi yao kwa mara ya kwanza maishani. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka mama aliuza debe mbili za karanga wiki ileile, na hakusema fedha ni ya nini.

Alirudi mwaka uliofuata na vitu viwili: kikohozi na rafiki.

Rafiki huyo ni Mmakonde wa Newala. Sasa, sisi wa nchi hii tunajua utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani kwa sababu ya misafara ya zamani, walipobeba mizigo kwenda pwani na kukaribishana njiani. Mngoni na Mhehe ni watani kwa sababu walipigana wakachoka. Lakini Mgogo na Mmakonde? Sijawahi kusikia. Hawakupakana wala kupigana, na hakuna msafara niliosimuliwa uliowapitisha mlango mmoja. Hata hivyo huyu mzee aliingia nyumbani kwetu mara ya kwanza, hata maji hajapewa, akamwambia mama: "Shemeji, huyu mumeo ni mwizi. Nimekuja kuchukua blanketi langu." Baba akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Tulikua na hadithi hiyo bila kuijua. Kila barua kutoka Newala iliulizia afya, ikaulizia mvua, halafu ikaulizia blanketi. Baba naye alijibu kwa ahadi: safari hii mavuno yakikubali, nitakulipa. Mavuno hayakukubali miaka yote. Mnaijua Dodoma.

Nilikuwa nimeshaanza kufundisha nilipojua chanzo chake, na sikukisikia kwa baba. Mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tumekaa chini ya mbuyu, baba amekwenda kulala. Ilikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, usiku wa tarehe 10 Machi 1979. Wengine humu mlikuwepo, mtanisahihisha. Mji mdogo, na mbele yake barabara ya kwenda Kampala inapita juu ya kinamasi. Brigedi ya 201 ilikuwa na mgambo wengi sana, watu ambao miezi michache nyuma walikuwa wameshika jembe. Wakashambuliwa na askari wa Amin pamoja na Walibya. Brigedi ikatawanyika. Kesho yake ikajipanga upya, Brigedi ya 208 ikazunguka ikapiga kutoka upande mwingine, na Lukaya ikarudi mikononi mwetu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Vitabu vinapita hapo kwa sentensi moja: "brigedi ilitawanyika". Baba yangu yumo ndani ya neno hilo. Wakati makombora yanaanguka alikuwa amejifunika blanketi la mwenzake, kwa sababu walikuwa wanapokezana, mmoja lindo, mmoja usingizi. Alikimbia nalo. Blanketi likanasa kwenye matete, akaliacha. Mwenye blanketi naye alikuwa anakimbia, upande wa pili wa barabara. Walikutana asubuhi, wamelowa tope mpaka kifuani, wakatazamana, na neno la kwanza lililotamkwa lilikuwa: "Blanketi langu liko wapi?"

Nimelifikiri swali hilo miaka mingi. Angeweza kuuliza, "Mbona ulikimbia?" Angeweza kunyamaza, na wangeishi na ukimya huo. Aliuliza blanketi. Kwa kuuliza vile alimwambia: nilikuona, nami uliniona, na tutaendelea. Nyumbani baba alikuwa shujaa. Kila tarehe 25 Julai alivaa shati lake jeupe, akasikiliza redioni jinsi ngao, mkuki, upinde na mishale vinavyowekwa kwenye mnara. Hakuna mtu pale kijijini ambaye angeweza kumwambia, "Mimi najua ulivyoogopa." Alikuwepo mmoja tu, naye alikuwa Newala, na aliyasema hayo kwa kudai blanketi.

Ndiyo maana siafiki wanaosema mnakutana ili kukumbuka ushindi. Ushindi una watunzaji wengi. Una mnara, una paredi, una makaburi yaliyopangwa vizuri kule Kaboya, Muleba. Hofu ndiyo haina mnara, na inatunzwa humu, mezani, mkitukanana juu ya nani alilala lindo na nani alimwaga maharage ya kombania nzima.

Nami nimeonja kidogo tu. Nilipita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kule Makutupora kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, kabla utaratibu ule haujasimamishwa mwaka 1994. Sikupigana na mtu ila vumbi. Lakini yule kuruta mwenzangu aliyenivua buti usiku wa ruti machi, miguu imevimba, akaniambia ninanuka kama beberu wa Bahi, mpaka leo ndiye ninayempigia simu nikiwa na jambo ambalo siwezi kumwambia dada yangu. Wanaokwenda sasa, tangu mafunzo yaliporudishwa 2013, wana makundi ya WhatsApp kabla hata hawajafika kambini. Sina ubaya nayo. Nasubiri tu kuona nani atadaiwa nini.

Wapo pia ambao hawakupata wa kuwadai. Hapahapa Ugogo, Waingereza walipoingia Dodoma Julai 1916 wakiwafukuza Wajerumani, pande zote mbili zilichukua nafaka, zikachukua ng'ombe, zikachukua vijana wabebe mizigo. Njaa iliyofuata wazee waliiita Mtunya. Wapagazi wale jina lao limebaki sokoni Dar es Salaam, Kariakoo, yaani Carrier Corps kwa ulimi wetu. Kama walirudi wakakutana tena chini ya mti fulani, hakuna aliyetuandikia. Na ukienda Kongwa utakuta makaburi ya vijana wa nchi za kusini waliofundishwa pale vita vya ukombozi kuanzia 1964, wa FRELIMO, wa ANC, wa SWAPO. Wenzao waliobaki hai wamekuja na nywele nyeupe kusimama juu ya makaburi yale. Wengine wao walipanda vyeo mpaka Ikulu za kwao, lakini Kongwa ndiko walikolala njaa pamoja.

Niseme na la kazi, lisipotee. Mmoja wenu alikwenda ofisi fulani kufuatilia stahili zake, akaambiwa jina halionekani, alete karatasi. Karatasi zililiwa na mchwa zamani. Alichokuwa nacho ni wenzake watatu walioacha mashamba, wakapanda basi, wakaketi kwenye benchi la ofisi ile siku mbili kutoa ushahidi kwamba huyu alikuwa nasi, seksheni moja, namba yake ni hii. Namba ya mtu mwingine, wameishika kichwani zaidi ya miaka arobaini! Mimi namba yangu ya simu naisahau.

Sasa msiba. Baba alipofariki tulimlaza Mvumi. Mchungaji amefungua kitabu, jeneza liko pembeni ya kaburi, mara Hiace ikasimama, wakateremka wazee sita wa kombati zilizopauka. Mzee wa Newala akapita katikati ya watu, akakaa juu ya kifusi, akaweka koleo magotini. "Hazikwi mtu hapa," akasema. "Ana deni langu."

Kaka yangu alitaka kumnyanyua kwa nguvu. Mchungaji, mtu wa makamo na mwenyeji, alifunga kitabu taratibu na kuweka kidole kwenye ukurasa. Alielewa. Mama alielewa pia. Aliingia ndani, akatoka na noti ya elfu kumi na jogoo aliyefungwa miguu, akapiga magoti mbele ya kile kifusi. Mzee alimpapasa jogoo kifuani kama mnunuzi mnadani, akasema amekonda. Watu wakacheka. Mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kisha mzee akaitazama ile noti kwa muda, midomo inamtetemeka, akaitupa kaburini. "Hiyo ni riba," akasema. "Deni lenyewe nitamdai mtoto."

Akashuka, na yeye ndiye aliyetia koleo la kwanza.

Mzee huyo yuko hapa. Safu ya tatu, kofia ya kijani, amekuja kwa basi toka Newala na magoti yale. Jana usiku amenipigia simu kuulizia afya, akaulizia mvua, halafu mnajua.

Basi, Baba, nikujibu mbele ya mashahidi. Jumamosi nilikwenda mnada wa Msalato nikanunua blanketi zito la kijivu, lenye mistari miwili myekundu kama ulivyonieleza. Liko kwenye buti la gari yangu. Usisimame, kaa tu. Sikupi. Mwaka huu mavuno hayakukubali.