Donati za Kikaangio cha Hewa: Mafuta Yaanzie Ndani ya Donge

ZAITUNI: Hamjambo wapenzi wa jikoni, mlioko Kampala, Jinja, Kabale na kote mnakotusikia. Leo tunapika donati kwenye kikaangio cha hewa. Kaka Okello, wengi huchukua donge lao la mandazi, wakalikata, wakalitia kwenye mashine, wakapata vitu vikavu vya kuvunja meno. Kosa liko wapi?

OKELLO: Liko kwenye jina la mashine, dada Zaituni. Kikaangio cha hewa hakikaangi. Ni jiko dogo la kuoka lenye feni kali. Andazi likizama kwenye mafuta ya moto, linaiva haraka pande zote na linanywa mafuta kidogo, ndiyo maana hata donge la maji matupu hutoka laini. Hewa haina cha kulinywesha, inalikausha tu. Kwa hiyo mafuta tunayatia ndani ya donge tangu mwanzo, kisha tunapaka mengine juu.

ZAITUNI: Basi tupe vipimo.

OKELLO: Donati 12. Unga wa ngano gramu 400, ule wa kawaida usiotiwa baking powder. Sukari gramu 60. Hamira ya punje ndogo gramu 7. Chumvi kijiko cha chai robo tatu, au nusu kama siagi yako ina chumvi. Maziwa mililita 200, yai 1, siagi au majarini gramu 60.

ZAITUNI: Maziwa mabichi yachemshwe kwanza, na nyumba nyingi hapa Uganda hufanya hivyo tayari. Kuna faida ya pili: kuna protini kwenye maziwa mabichi inayozuia donge lisiumuke vizuri, na moto unaituliza. Ila yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Chovya kidole, kisihisi kuungua. Yakipita nyuzi 60 hamira inakufa, na hapo hata ungoje mpaka jioni, donge halipandi.

OKELLO: Changanya vitu vyote isipokuwa siagi. Kanda dakika 5, ndipo utie siagi laini kidogo kidogo, ukande nyingine 7 au 8. Siagi ikitangulia inazifunika chembe za unga, na nguvu ya kuvutika inachelewa kujengeka.

ZAITUNI: Na hapa ndipo donati nyingi zinapoharibikia! Donge litanata mikononi, mtu anaingiwa na hofu, anaongeza unga konzi baada ya konzi. Tafadhali, usiongeze. Paka mikono mafuta, endelea kukanda. Liko tayari ukilivuta likawa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika. Unga wa ziada unaoutia sasa ndio ukavu utakaoulalamikia baadaye.

OKELLO: Lifunike liumuke hadi liwe mara mbili. Kampala, kwa joto la mchana, angalia baada ya dakika 50. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo gesi inatanuka kwa urahisi. Kabale iko juu zaidi, lakini baridi yake inaichelewesha hamira. Huko unaweza kungoja saa moja na nusu. Angalia donge, usiangalie saa.

ZAITUNI: Kisha sukuma unene wa sentimita 1 na nusu. Nyembamba kuliko hapo inageuka biskuti. Kata kwa glasi ya mdomo wa sentimita 8, na tundu la katikati tumia kizibo cha chupa ya maji. Kandamiza moja kwa moja chini, usizungushe, maana kuzungusha kunabana kingo na donati inapanda upande mmoja.

OKELLO: Kila moja iweke juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea, iumuke tena dakika 30. Bonyeza kwa kidole: alama ikirudi polepole, iko tayari. Ikirudi papo hapo, bado. Isiporudi kabisa, imepitiliza, na itasinyaa ikitoka. Karatasi hiyo inakusaidia kuinyanyua bila kuiminya gesi itoke.

ZAITUNI: Ila karatasi tupu isiingie wakati unapasha mashine moto. Feni inaivuta hadi kwenye waya wa moto, na inaweza kuungua. Iingie ikiwa na donati juu yake.

OKELLO: Pasha mashine dakika 4 kwa nyuzi 175. Paka donati mafuta juu kwa brashi, taratibu. Mafuta ya kupuliza ya makopo yaepuke, huacha utando unaoharibu kikapu. Panga 4 kwa kikapu cha lita 4, zisigusane. Dakika 4, geuza, kisha 1 au 2 zaidi. Na usipandishe hadi 200 kwa haraka: nje itakuwa kahawia na katikati donge bichi. Zinazosubiri ziweke mahali pa baridi, zisije zikapitiliza.

ZAITUNI: Tuseme na umeme, maana Yaka, ile mita ya kulipia kabla, haihurumii. Mashine ya wati 1,500, mikupuo mitatu pamoja na kupasha ni kama dakika 22; hiyo ni chini kidogo ya yuniti 0.6. Ichomeke ukutani. Waya mwembamba wa kuongezea unaolisha mashine hii na birika la umeme kwa pamoja utapata moto, na hilo si jambo la kujaribu.

OKELLO: Umeme ukikatika donati zikiwa zimeumuka, usizitupe. Washa sigiri, lile jiko la mkaa, zikaange kwenye mafuta ya nyuzi 175. Moto uwe wa wastani, kwa sababu sukari na maziwa ya donge hili hubadilisha rangi upesi kuliko mandazi.

ZAITUNI: Na kabalagala, vile vikaango vya ndizi mbivu na unga wa muhogo? Kuna watakaotaka kujaribu.

OKELLO: Kabalagala ziachieni mafuta. Unga wa muhogo hauna mvutiko wa ngano wa kushika hewa. Feni itazikausha tu.

ZAITUNI: Haya, sukari ya juu. Donati iliyotoka kwenye mafuta hushika sukari yenyewe. Hii ya hewa haishiki. Yeyusha siagi gramu 40, ipake donati ikiwa bado moto, kisha iviringishe kwenye sukari gramu 100 iliyochanganywa na kijiko cha chai cha mdalasini. Siagi hiyo pia ndiyo inayolainisha ganda.

OKELLO: Ukipenda ya kumwagia, sukari ya unga gramu 150 na vijiko vikubwa 2 vya maziwa, lakini hapo donati ipoe kwanza, la sivyo yote inateleza hadi kwenye sahani. Zinazobaki zifunike vizuri zikipoa. Kesho yake, dakika 2 kwa nyuzi 150 zinatosha kuzirudishia ulaini.