Msimlazimishe Kupanda Ndege Kabla Hamjajua Kesi Yake

Wazazi wangu huko nyumbani, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Leo naongea na nyie mlioko huko, maana vijana wetu wengi hili hawawezi kuwaambia. Wanaona aibu.

Msiba unatokea, ndugu wanakaa kikao, aliyeko Marekani anapigiwa simu, anasema hawezi kuja. Maneno yanaanza: amelewa dola, ametusahau. Kumbe kijana ana kesi, yuko kwenye probesheni, yaani kifungo cha nje. Hapa Texas ninapoishi, mtu wa probesheni anapewa karatasi ya masharti anaisaini: aripoti kwa ofisa wake, akojoe kwenye kikopo apimwe dawa za kulevya, alipe ada kila mwezi, asihame bila kutoa taarifa, asitoke nje ya kaunti bila ruhusa. Hata kwenda jimbo jirani anaomba ruhusa, sembuse kuja Mwanza.

Akiondoka kimyakimya, mwendesha mashtaka anapeleka ombi, hati ya kumkamata inatoka, na jaji anaweza kumfutia probesheni akaenda jela. Kwenye kikao cha mahakama cha kuamua hilo, jaji anaamua peke yake, na ushahidi unaotakiwa ni mdogo kuliko ule wa kesi yenyewe. Lakini kijana ana haki ya wakili, na asiye na uwezo mahakama inampa. Kwa hiyo asijifiche. Kama kilichomshinda ni ada, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua mwaka 1983, kesi ya Bearden dhidi ya Georgia, kwamba jaji asimfunge mtu kwa kutolipa kabla ya kuchunguza kama amegoma au kweli hana.

Haya, tuseme jaji kamruhusu. Bado! Jaji ni mwingine na uhamiaji ni wengine. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, akirudi, ofisa wa uwanja wa ndege anaiona ile kesi, na kwa baadhi ya makosa anaweza kuzuiwa na kufunguliwa kesi ya kufukuzwa nchini.

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, naomba mnisikilize vizuri. Texas kuna utaratibu ambao mtu anakiri, jaji anaahirisha kumtia hatiani, na akimaliza probesheni salama kesi inafutwa. Anaambiwa, "Saini tu, hutakuwa na hatia." Kwa jimbo, ni kweli. Baadaye anaweza hata kuomba rekodi ifichwe, waajiri wengi wasiione. Lakini kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, ukishakiri na jaji akakuwekea adhabu au masharti, umetiwa hatiani, basi. Jimbo likisafisha rekodi kwa sababu tu umetulia na kumaliza masharti, uhamiaji wanaendelea kuihesabu. Na fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama rekodi imefungwa. Akijaza hapana, anajiongezea kosa la kudanganya.

Mlango uliopo ni huu. Mwaka 2010, kwenye kesi ya dereva wa lori mzaliwa wa Honduras aliyepigania Marekani huko Vietnam, Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri. Aliyekiri baada ya hapo bila kuelezwa anaweza kuomba hukumu itenguliwe kwa kasoro hiyo. Akishinda, huo ni utenguzi ambao uhamiaji kwa kawaida wanaukubali.

Sisi huku kwenye makundi ya WhatsApp tunachanga nauli ya msiba usiku mmoja. Sasa kabla tiketi haijakatwa, mtu mmoja anayeaminiwa, asiye na hasira, ampigie kijana amuulize pembeni kama ana kesi. Akisema anayo, mchango ule umlipie wakili wa uhamiaji azungumze na wakili wake wa jinai kabla hajasaini chochote. Nasema wakili mwenye leseni, si yule jamaa wa mtaani anayejaza fomu. Huyo akikosea, anayefukuzwa ni mtoto wenu.