Cotswolds kwa Baiskeli: Fuata Mto, Usikate Mabonde

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie wadogo, hamjambo. Namshukuru mwenyekiti kwa kunialika, ingawa ameniomba nisizidi dakika 20, na anajua fika kwamba mada ya baiskeli ikishanikaa mdomoni haitoki upesi.

Wengi wetu hapa Reading tumeishi Uingereza miaka mingi, lakini Uingereza tunayoijua ni ya barabara kuu ya M4, zamu za usiku na maduka makubwa ya pembezoni mwa mji. Leo nazungumzia sehemu ambayo treni inayopita hapa hapa stesheni inakufikisha kwa saa moja na ushei. Unashuka Moreton-in-Marsh, unapanda baiskeli, na baada ya robo saa umezungukwa na kondoo. Eneo hilo ni vilima vya Cotswolds, vilivyotambuliwa kisheria mwaka 1966 kuwa mandhari ya kulindwa. Vimeenea mikoa kadhaa, ila sehemu kubwa iko Gloucestershire.

Kwanza tuelewane kuhusu hivyo vilima. Kilele kirefu kuliko vyote, Cleeve Hill, kina mita 330. Mtu wa Lushoto akisikia hivyo atacheka. Asicheke mapema. Shida ya Cotswolds ni wingi wa vilima. Unapanda kimoja, unashuka, kabla pumzi haijakurudia kingine hicho.

Ila havikutupwa ovyo, vina mpangilio, na ukiuelewa mpangilio huo umemaliza nusu ya kazi. Ardhi yote ile imeinama upande mmoja. Magharibi, juu ya bonde la mto Severn, imeinuka ghafla, genge kabisa. Kuanzia hapo inateremka polepole kuelekea kusini-mashariki mpaka mto Thames. Mito nayo imefuata mwinamo huo: Evenlode, Windrush, Leach, Coln. Yote inaelekea upande mmoja, kila mmoja umejichimbia bonde lake, na yote inaishia Thames. Basi ukiendesha sambamba na mto, baiskeli karibu inajiendesha. Ukikata kutoka bonde hadi bonde, utalipa. Toka Bourton-on-the-Water iliyoko kwenye Windrush, nenda Northleach iliyoko kwenye Leach, kisha Bibury kwenye Coln. Kwenye simu utaona ni vipande vifupi tu. Kwenye mapaja ni hadithi nyingine kabisa.

Ndiyo maana mimi bado nabeba ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani. Simu itakwambia kilomita, lakini ramani ile inakuonyesha mwinuko kwa jicho moja. Ya kipimo cha 1:50,000 ina mstari wa kontua kila mita 10, na kwenye barabara zenye mlima mkali wamechora mishale. Mshale mmoja ni mwinuko wa kati ya moja kwa saba, yaani unapanda mita moja kwa kila mita saba, na moja kwa tano. Miwili ni mkali kuliko moja kwa tano, na hapo, wazee wangu, shukeni mkokote. Hakuna aibu. Ncha ya mshale inaelekea chini, kwa hiyo angalieni kama unawakimbia au unawajia usoni.

Sasa vijiji. Watu wengi wanakwenda kuvipiga picha wakarudi, bila kujiuliza kwa nini viko pale vilipo. Mpanda baiskeli hajiulizi, anahisi. Kule juu kwenye uwanda ni pakavu na pana upepo, kwa sababu mvua inazama ndani ya mawe ya chokaa. Maji yanashuka mpaka yakutane na tabaka la udongo mfinyanzi, ndipo yanachomoza ubavuni mwa bonde kama chemchemi. Vijiji vimekaa pale pale kwenye maji. Kwa hiyo ukiwa umechoka na unatafuta chai, jua kwamba chai iko chini, na baada ya chai kuna kupanda. Stow-on-the-Wold ndiyo imekwenda kinyume: imejengwa juu, kwenye mita 240 hivi, kwa sababu barabara nyingi zilikutana hapo, na uwanja wake mkubwa ulikuwa soko la kondoo. Walipata biashara, wakakosa maji kwa karne nyingi.

Kondoo hao ndio kiini cha hadithi yote. Katika zama za kati sufu ya Cotswolds ilitafutwa mpaka Flanders na Italia. Ukifika Chipping Campden ingia kanisa la Mtakatifu Yakobo, tazama sakafuni. Kuna bamba la shaba la kaburi la William Grevel, mfanyabiashara wa sufu aliyefariki 1401, na maandishi yake yanamwita ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza nzima. Nyumba yake bado ipo mtaani, watu wanapita mbele yake na mikoba ya sokoni. Northleach ndiyo nzuri zaidi kwangu: ndani ya kanisa wamelala matajiri wa sufu kwenye mabamba yao, na chini ya miguu yao wamechorwa kondoo na magunia ya sufu. Hawakuwa na haya na chanzo cha mali yao. Mpaka leo spika wa Baraza la Malord hukalia kiti kilichojazwa sufu, kukumbusha utajiri wa taifa ulitoka wapi.

Halafu fedha ikahama. Viwanda vya nguo vilipoanza kuendeshwa kwa mvuke, Yorkshire yenye makaa ya mawe ikachukua kazi. Cotswolds ikabaki na kondoo na nyumba za mawe, bila pesa ya kuzibomoa na kujenga mpya. Huo uzuri ambao mabasi ya watalii yanaufuata leo, mimi naamini umehifadhiwa na ufukara kuliko na mtu yeyote aliyekaa akapanga. Wapangaji walikuja baadaye. William Morris, msanii na mwandishi aliyekuwa na nyumba Kelmscott kando ya Thames, alikasirishwa na namna kanisa la Burford lilivyokuwa likikarabatiwa, na mwaka 1877 akashiriki kuanzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Sasa gurudumu limezunguka tena: nyumba za wafumaji maskini zinanunuliwa na wenye fedha wa London kwa ajili ya wikiendi, na binti anayekuletea keki mezani hawezi kupanga chumba kijijini kwao. Mtu wa Lamu aliyemo humu hahitaji maelezo zaidi.

Hata yale mawe yenyewe si mageni kwetu. Yalitengenezwa chini ya bahari ya joto, yenye kina kifupi, yapata miaka milioni 165 iliyopita. Ukilisogelea jiwe lililovunjika utaona punje ndogo za mviringo mfano wa mayai ya samaki. Kuta za Mji Mkongwe Unguja ni mawe ya matumbawe, nayo ni chokaa ya bahari. Tofauti ni umri tu, na chuma kidogo kinachoyapa ya Cotswolds kaskazini ile rangi ya manjano iliyokolea.

Nikiambiwa nichague mji mmoja wa kulala, nachagua Burford. Barabara yake kuu inateremka moja kwa moja mpaka daraja la Windrush. Kanisani pale, mwezi Mei 1649, Cromwell, jenerali wa jeshi la Bunge, aliwafungia askari wa jeshi lake mwenyewe walioasi, wale walioitwa Levellers, waliodai malipo yao na haki za raia wa kawaida. Watatu walipigwa risasi uani tarehe 17. Mmoja wa wafungwa, Anthony Sedley, alichonga jina lake, mwaka na neno mfungwa kwenye beseni la ubatizo. Linasomeka hadi leo, herufi zimepinda. Unaweza kuligusa kwa kidole. Huyo hakuwa tajiri wa sufu, hakuna aliyemtengenezea bamba la shaba.

Bibury kila mtu atakwambia uende. Nenda, ila uwe pale kabla ya saa tatu asubuhi, la sivyo utaona migongo ya watu badala ya Arlington Row, ile safu ya nyumba za kale za mawe. Mimi ningewapeleka Eastleach, ambako mto Leach umetenganisha vijiji viwili, kila kimoja na kanisa lake la kale, na makanisa hayo karibu yanatazamana. Unavuka kwenye daraja la mawe bapa. Mara nyingi hukuti mtu.

Barabara. Sisi tumekulia nchi za kuendesha kushoto, hilo halitusumbui. Fosse Way, barabara ya Warumi iliyonyooka kutoka Exeter hadi Lincoln, inapita katikati ya eneo hili, na kwa historia inavutia sana; kwa baiskeli iacheni. Leo sehemu hiyo ni barabara kuu ya A429, imejaa malori. Tumieni zile ndogo zilizopakwa njano kwenye ramani. Ila kumbukeni kwamba njia ya upana wa gari moja, yenye ua wa miti pande zote mbili, kisheria mara nyingi bado ina kikomo cha maili 60 kwa saa. Masikio wazi, spika za masikioni mfukoni. Njia za farasi mnaruhusiwa kuzipita tangu sheria ya 1968, mradi mwapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi. Za watembea kwa miguu hazituhusu.

Baiskeli gani? Yoyote yenye gia ndogo za kupandia na breki za kuaminika. Raleigh ya babu, ile ya chuma iliyobeba magunia huko nyumbani, ilitoka Nottingham, na baiskeli ya kwanza kufanikiwa yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ya John Kemp Starley, ilitengenezwa Coventry mwaka 1885, si mbali kaskazini ya vilima hivi. Naipenda sana Raleigh ile. Ila kupanda nayo Broadway Hill bila gia, hapana.

Koti la mvua bebeni hata Juni. Juni hiyo hiyo jua linazama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana. Jikoni za baa nyingi za vijijini hufungwa mapema mchana, na ukifika saa tisa na njaa yako utapewa pakiti ya viazi vya kukaanga na pole nyingi.

Kuna swali ambalo naulizwa pembeni, na afadhali nilijibu hadharani: sisi weusi kule tunaonekanaje? Utatazamwa. Kuna baa ukiingia mazungumzo yanapungua kidogo. Lakini watu wa vijijini kule husalimia njiani, tofauti na London, nami huwatangulia kwa salamu, na baiskeli yenyewe inafungua mdomo wa mtu, maana kila mzee ana la kusema kuhusu kile kilima kilicho mbele yako. Wengi hukosea kuhusu umbali.

Ramani nimezitandaza pale mezani, ya Moreton na ya Burford. Treni nyingine zinataka nafasi ya baiskeli ikatiwe mapema, tutaangalia pamoja. Nimemwona dada wa pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kukokota, tuanze na yeye.