Maswali Niliyoyameza Chuoni

ESTA: Mtwara kuchele! Bwana Yesu asifiwe kwa wote mnaotusikiliza. Na jirani zetu Waislamu, asalaam aleikum, maana huku kwetu ni familia chache ambazo hazina shangazi au binamu wa upande wa pili. Mimi ni Esta, mwalimu wa sekondari, mtoto wa Masasi.

SKOLA: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Skola, wa Ndanda, nasoma ualimu hapa mjini, mwaka wa tatu. Dada Esta, leo nimekuja na kitu.

ESTA: Nimekiona tangu unaingia. Umekikumbatia kama mtoto.

SKOLA: Ni kauntabuku, kwaya mbili. Nililinunua mwaka wa kwanza kwa ajili ya somo la takwimu. Ukilifungua mbele, unakuta notsi za mhadhiri. Ukiligeuza, huku nyuma kuna maswali. Kila nilipotaka kuuliza darasani nikashindwa, niliandika huku. Yamefika 61.

ESTA: Sitini na moja! Na uliyouliza kweli?

SKOLA: Moja. Hilo moja ndilo lililonifunga mdomo.

ESTA: Hebu tuambie.

SKOLA: Wiki ya tatu ya chuo. Ukumbi umejaa mpaka wengine wamesimama dirishani. Nikanyoosha mkono. Nikaanza kwa Kiingereza, nikakwama kwenye neno moja, nikamalizia kwa Kiswahili. Mhadhiri akalirudia lile neno vile vile nilivyolikosea, akiigiza sauti yangu. Ukumbi mzima ukacheka. Swali langu halikujibiwa, tukahamia slaidi nyingine. Nikakaa chini. Na nilikaa kweli, dada. Mwaka na nusu sikunyoosha mkono tena.

ESTA: Pole sana, mdogo wangu. Hilo linaniuma kwa sababu naliona linavyoanza. Mtoto anasoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili. Anauliza, anabisha, anamsahihisha mwalimu. Anafika kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, na yeye anageuka bubu. Januari hii nilikuwa na binti aliyenieleza nje ya darasa, kwa Kiswahili, jinsi maji yanavyopanda kwenye mmea, vizuri kuliko kitabu. Ndani ya darasa hakufungua mdomo. Huyo mtoto hakupoteza akili likizo ya Desemba!

SKOLA: Na sisi wasichana tunabeba mzigo mwingine juu ya huo wa lugha.

ESTA: Unyago.

SKOLA: Unyago. Mimi nilichezwa likizo, nikiwa darasa la saba. Siwezi kusema ya ndani, wenyewe tunajua. Lakini adabu ya mwali inajulikana na kila mtu: anatazama chini, anapokea, anaitikia. Akiulizwa kama amesikia, anasema amesikia. Basi siku ya kwanza ukumbini mhadhiri aliposema, "Mmeelewa?", mimi nilisikia sauti ya kungwi. Nikaitikia na wenzangu: ndiyo. Sikuwa nimeelewa hata kidogo.

ESTA: Sitaki watu wasikie tunautukana unyago. Mimi pia nimepita. Nilifundishwa usafi wa mwili wangu wakati hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuusema. Kungwi anaimba, halafu anakufafanulia maana ya wimbo. Huko ni kufundisha. Kilichokosekana ni nafasi ya mwali kusema, "Somo yangu, hapa umenipita."

SKOLA: Na Kanisa letu huku lilikutana na hayo zamani sana.

ESTA: Zamani. Masasi ilianza kama kijiji cha misheni mwaka 1876, Askofu Steere wa Kanisa la Anglikana alipofika na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Steere huyo huyo aliyeandika sarufi ya Kiswahili. Halafu mwaka 1926 ikawa dayosisi, na askofu wake wa kwanza, Lucas, akaona kupiga marufuku hakutoshi. Akaiingiza jando ndani ya maisha ya Kanisa, na sala zikaingia porini. Unyago nao ulijaribiwa, lakini ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu ulikuwa mikononi mwa akina mama, na mapadre wa kigeni hawakuwa na mlango huko.

SKOLA: Kwa hiyo wasichana tulibaki na walimu wawili wasiozungumza wao kwa wao. Kungwi anasema nyamaza, na Jumapili mimbarini unasikia Bikira Maria alinyamaza.

ESTA: Hapo naomba nikusimamishe. Fungua Luka, sura ya kwanza. Malaika anatoa ujumbe mzito kuliko yote, na binti yule wa kijijini anamuuliza itawezekanaje. Aliuliza kwanza! Kuitikia kulikuja baadaye, baada ya kujibiwa. Mbona mahubiri yanaruka hapo?

SKOLA: Lakini dada, sura hiyo hiyo Zakaria naye aliuliza, akafungwa ulimi. Nilipokuwa mdogo ndilo lililonitisha.

ESTA: Swali zuri, na nimelifikiria sana. Zakaria alitaka uthibitisho, kwamba, nitajuaje kama unasema kweli? Mariamu alikwisha kuamini, alitaka kujua namna. Mwanafunzi anayeuliza "namna gani" hamvunjii mwalimu heshima, amemwamini kiasi cha kutaka kumfuata mpaka mwisho. Na sura inayofuata, mtoto wake wa miaka kumi na miwili wanamkuta hekaluni kati ya walimu, anasikiliza na kuuliza. Mimi nasema alirithi kwa mama.

SKOLA: Hilo naliandika. Sasa niwaambie kunyamaza kuligharimu nini. Nilipata sapu, nikatakiwa kurudia mtihani. Takwimu hiyo hiyo.

ESTA: Hukuwa unajua kwamba hujui?

SKOLA: Nilijua. Nikapeleka kwenye maombi. Usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa kwenye mkesha na wenzangu, tumefunga tangu asubuhi. Nilimwomba Mungu anifungulie mambo ambayo sikuwahi kumuuliza mwanadamu aliyekuwa mbele yangu kila Jumanne saa mbili. Siku ile nilikuwa na njaa, nina usingizi, na sijui kitu.

ESTA: Mkesha ni mzuri, mimi nimelelewa nao. Ila ratiba ya mtihani inatoka mapema, na viongozi wa ushirika wa maombi chuoni wanaiona. Wauhamishe mkesha. Wakati huo binti alale, au apige msuli.

SKOLA: Aliyeniokoa ni mwenzangu wa chumba, Mwislamu wa Tandahimba. Tulipanga geto Chikongola baada ya kukosa hosteli. Akiamka alfajiri kuswali, anagonga kitanda changu: "Skola, amka, wewe umebakiwa na mtihani." Yeye anatandika mswala, mimi nawasha tochi ya simu. Wiki tatu mfululizo. Nyumbani sikusema habari za sapu, kwa sababu ada yangu ilikuwa imetoka kwenye korosho za baba, na mwaka ule malipo ya mnada yalichelewa hadi akakopa ili nisajiliwe. Ningemwambiaje?

ESTA: Ukafaulu.

SKOLA: Nilifaulu kwa kukariri kanuni. Kuelewa, bado. Lile swali nililochekewa, namba moja humu, mpaka leo sina jibu lake.

ESTA: Lisome.

SKOLA: Sasa hivi?

ESTA: Sasa hivi, mbele ya watu wote. Kwa lugha unayoitaka.

SKOLA: "Tukitafuta variansi ya sampuli, kwa nini tunagawa kwa idadi toa moja? Kwa nini tusigawe kwa idadi yenyewe?"

ESTA: Na walikucheka kwa swali hilo? Hilo wanafunzi wengi wanalivuka mpaka wanahitimu. Sikia. Variansi inapima vitu vimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wao. Baba ana gunia la korosho. Huwezi kupima zote, unachota tano, hiyo ndiyo sampuli. Zina gramu 5, 6, 7, 4 na 8. Wastani?

SKOLA: Jumla 30. Wastani 6.

ESTA: Wastani huo umetoka wapi?

SKOLA: Kwenye hizo tano.

ESTA: Hizo hizo tano, siyo gunia zima. Kwa hiyo wastani huo umekaa katikati yao, umezisogelea. Wastani wa gunia zima unaweza kuwa pembeni kidogo, na ukipimia kutoka huko tofauti zitakuwa kubwa zaidi. Sasa toa wastani kwenye kila korosho, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha.

SKOLA: Moja, sifuri, moja, nne, nne. Kumi.

ESTA: Ukigawa kwa 5 unapata 2, na kwa kawaida jibu la hivyo linapungua kuliko hali ya gunia. Ukigawa kwa 4 unapata 2.5. Umefidia.

SKOLA: Na kwa nini 4, siyo 3?

ESTA: Ona sasa unavyouliza! Zile tofauti kabla hujazidisha: hasi moja, sifuri, moja, hasi mbili, mbili. Jumlisha.

SKOLA: Sifuri.

ESTA: Siku zote sifuri. Ukinitajia nne, ya tano naitaja mimi bila mzani. Kwa hiyo una korosho tano, lakini habari zilizo huru ni nne tu, ndiyo maana tunagawa kwa 4.

SKOLA: ...Dada Esta.

ESTA: Nipo.

SKOLA: Miaka miwili na zaidi. Na jibu ni korosho tano.

ESTA: Usilie, mdogo wangu. Au lia kidogo. Nina binti darasani kwangu aliyejifungua akarudi shule, maana tangu mwisho wa 2021 wanaruhusiwa kurudi. Anakaa dawati la nyuma kabisa, haulizi, anaogopa akisimama watu watatazama tumbo. Kesho nitaanza na yeye. Sitamuuliza, "Umeelewa?" Nitamuuliza, "Hapa nimekupoteza wapi?"

SKOLA: Nipe kalamu. Namba moja naikata.

ESTA: Ikate vizuri. Zimebaki 60.

SKOLA: Zimebaki 60.

ESTA: Soma la pili.