Nukta Moja Chini ya "Pili"

MAALIM: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu. Tuliahidi kwamba leo tutazungumzia vitabu tulivyovipenda ujanani na namna vinavyosomeka tunapovirudia ukubwani. Mimi nimekuja na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, pamoja na mafunzo matatu niliyoyaandaa kwa ajili yenu. Lakini Bi. Zuhura ameingia na kitu alichokifunga kwa leso, na naona heri aanze yeye.

ZUHURA: Waaleikum salaam, Maalim. Mvua ya Jumanne ilitushukia kupitia darini pale Kibokoni, ikabidi niliondoe kabati la vitabu ukutani usiku wa manane. Nyuma yake nilikuta kijitabu cha Utendi wa Mwana Kupona, ule wosia wa mama kwa bintiye uliotungwa kwa beti, nilichokisoma nikiwa na miaka 17. Pembe moja imeliwa na mchwa, lakini penseli yangu ingali inasomeka. Kando ya ubeti wa zile radhi tano anazozihitaji mtu duniani na akhera, pale mama anapomwambia bintiye kwamba ya tano "nda mumewe", yaani ni ya mumewe, niliandika "Sikubali", tena kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.

MAALIM: Na leo wakubali?

ZUHURA: Ubeti ule bado siukubali, wala sitaki msikilizaji adhani kwamba umri umenilainisha. Lililonishika ni jingine. Chini ya neno langu kuna maandishi ya mtu mwingine, kwa hati za Kiarabu, yasemayo: "Rudi ubeti wa pili." Nikarudi. "Maradhi yamenishika, hatta yametimu mwaka, sikupata kutamka, neno lema kukwambia." Maalim, ubeti huu nilikuwa nimeuruka kama mtu arukavyo kizingiti. Nilikuwa nikitafuta amri ili nigombane nayo, nisitambue kwamba anayeamrisha ameugua mwaka mzima, tena ni mjane, kwa kuwa mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki mwaka 1856 na utendi ukatungwa mwaka 1858. Yeye mwenyewe alifariki yapata mwaka 1860. Anapomwita binti asogee na wino na karatasi, sasa nasikia mtu anayekimbizana na muda.

MAALIM: Ulilisikia hilo kwa sababu ya umri, au kwa sababu ya yale maandishi?

ZUHURA: Mwaka juzi nililazwa wiki tatu. Kila binti yangu alipoketi kando ya kitanda, maneno niliyoyapanga usiku kucha yalinipotea, nikaishia kumwuliza kama amekula. Kwa hiyo "sikupata kutamka" nimeijua kwa mwili wangu. Lakini bila yule mtu nisingerudi nyuma, na tangu Jumanne ninajiuliza ni nani.

MAALIM: Hilo si gumu. Ni marehemu ami yako aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani. Aliyeandika ameisoma "Sikubali" yako, na uliiandika kwa hati za Kirumi. Kwa hiyo alizijua hati zote mbili.

ZUHURA: Tazama hapa, hili neno "pili". Lina nukta moja chini, kama kwamba ni "bili". Ami yangu alitufundisha kuitia p nukta tatu, na aliyesahau alirudia ubao mzima. Wazee wa zamani ndio walioandika p kwa umbo la b, wakamwachia msomaji atambue mwenyewe. Mimi nasema ni bibi yangu.

MAALIM: Bibi yako hakusoma hati za Kirumi.

ZUHURA: Hakuzisoma, lakini utendi wote aliujua kwa moyo, na barua zake zote aliziandika kwa hati za Kiarabu. Naona kama alimwuliza ndugu yangu mdogo nimeandika nini, naye akamsomea na kumwekea kidole mahali penyewe.

MAALIM: Mtu mwenye haraka na penseli butu hudondosha nukta, awe mwalimu au nani. Huwezi kumjua mtu kwa nukta mbili zilizokosekana.

ZUHURA: Na wewe huwezi kumjua kwa kuwa alijua kusoma. Hata hivyo, nimeamua kuifuta "Sikubali" yangu.

MAALIM: Hapo sikuungi mkono hata kidogo. Ukilifuta neno lako, yale maandishi ya chini yatabaki yanamjibu nani?

ZUHURA: Hayanijibu mimi, yananielekeza kwenye utendi. Nikifungua ukurasa ule, jicho linakwenda kwenye penseli kabla ya kufika kwa Mwana Kupona. Nimeshaugombania ubeti huo miaka mingi, na sasa nataka kumsikiliza mgonjwa bila mimi mwenyewe kusimama mlangoni.

MAALIM: Basi nunua nakala safi, usome humo. Yule msichana wa miaka 17 alikuwa na haki ya kukataa, na hata leo unakataa pamoja naye; mbona umwondoe kwenye ukurasa wake? Kwangu mimi, kurudia kitabu ni kukutana na watu wawili, mtunzi na yule niliyekuwa mimi.

ZUHURA: Kwangu mimi ni mmoja tu, mtunzi. Yule msichana ninaye siku zote, sihitaji kumtafuta kitabuni.

MAALIM: Sikubaliani nawe, Bi. Zuhura.

ZUHURA: Nami sirudi nyuma, Maalim.

MAALIM: Naambiwa kwa ishara kwamba zimebaki dakika mbili, na adhana ya Magharibi i karibu. Kusadikika sijaifungua, wala mafunzo yangu matatu hayatapata nafasi leo. Ninalotaka kulijua kabla hatujaondoka ni kama hicho kifutio unacho hapa.

ZUHURA: Kimo humu ndani ya leso. Ila kwanza nitampelekea ndugu yangu kijitabu hiki Jumamosi, nimwulize kama anakumbuka kumsomea bibi neno lolote.

MAALIM: Na akisema hakumbuki?

ZUHURA: Hiyo ndiyo adhana, Maalim. Tufunge.